Mjue Mama Kabla ya Mtoto: Utangulizi wa Elimu ya Kumchagua Mzalishaji wa Mbwa

Mkoa wa Kagera una Kagondo mbili. Moja ni kata ya Manispaa ya Bukoba, nyingine iko Muleba na wengi wanaijua kwa hospitali yake. Huku kwetu nyumba hujificha ndani ya migomba na mibuni, na mgeni akiingia kwenye kibanja, wa kwanza kujua ni mbwa. Atabweka kabla mwenye nyumba hajasikia hatua. Kwa hiyo kuuliza mbwa huyo alitoka kwa nani, na alilelewaje kabla hajafika hapo, ni kuuliza habari ya usalama wa nyumba nzima, watoto wakiwamo.

Kurasa zinazofuata zinahusu swali hilo, nami nakukaribisha hata kama hujagusa kitabu cha baiolojia tangu utoke shule. Elimu hii imeshonwa kwa vitambaa vitatu: urithi, tabia na magonjwa. Ukikichukua kimoja peke yake utadanganyika. Lakini mbinu yake kuu unaijua tayari. Kabla ya posa, wazee hutuma mtu wa kuaminika akaulize habari za nyumba ile: wanaishije na majirani, kuna maradhi gani katika ukoo, mama mtu ana mwenendo gani. Hakuna anayeona kuuliza huko ni matusi. Anayenunua mtoto wa mbwa naye afanye hivyo hivyo, bila haya.

Wanunuzi wengi hukosea kwa kumtazama mtoto tu. Kilebu wa wiki sita, kama kamusi zinavyomwita mtoto wa mbwa, ni mzuri hata kama amebeba minyoo, virusi na nyonga mbovu. Wa kuchunguzwa ni aliyemzaa na aliyemlea.

Siku moja nilikaa karibu saa nzima Kagondo ya Muleba, chini ya paa la jiko la nje, nikimtazama jike mwenye watoto sita. Mwenyeji alipomwita, aliinuka, akaja akanusa mkono wangu, kisha akarudi kulala ubavu ili watoto wanyonye. Mmoja wao alikuja akaanza kuvuta kamba ya kiatu changu. Mwingine alijificha nyuma ya gunia na hakutoka mpaka naondoka. Nilidondosha funguo kwa makusudi: watano waliruka, wakasita, wakarudi kunusa. Yule wa sita alijikunyata zaidi. Kabla sijauliza bei, mwenyeji aliniuliza yeye: nyumba yako ina uzio? Mchana anabaki nani? Mbwa uliyekuwa naye alikufa kwa nini? Hapo nikajua niko kwa mzalishaji. Mtu anayetaka fedha tu haulizi mbwa anaenda kuishi wapi.

Kwa nini nilipoteza muda kutazama funguo zikidondoka? Jibu liko katika kazi ya John Paul Scott na John Fuller, waliofuatilia watoto wa mbwa kwa miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, na kuichapisha mwaka 1965. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 ubongo wa mtoto wa mbwa hujifunza nani ni rafiki na nini si cha kuogopa. Katika maabara hiyo hiyo, watoto waliokuzwa bila kuguswa na binadamu hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwarudisha ilikuwa kazi ngumu mno. Sasa piga hesabu. Mtoto anayechukuliwa akiwa na wiki 8 ameshatumia wiki 5 kati ya hizo 9 mikononi mwa mzalishaji. Kama alizitumia ndani ya boksi gizani, hutazinunua tena kwa bei yoyote. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mbwa wanaouma watoto mara nyingi ni mbwa wanaoogopa, na hofu yao iliumbwa mapema, kabla mnunuzi hajawaona.

Scott na Fuller walitumia aina tano za mbwa, na mojawapo ilikuwa basenji. Huyu ni wa kwetu, kutoka misitu ya Kongo, na jina lake msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa neno "washenzi". Wazungu walimpeleka Ulaya, na katika miaka ya 1930 walifanikiwa kumzalisha Uingereza. Lakini waanzilishi wa ukoo ule wa ng'ambo walikuwa wachache. Mbwa wachache wakizaana wao kwa wao, kasoro iliyojificha kwa mama hukutana na kasoro ile ile kwa baba. Basenji wa Ulaya na Marekani wakasumbuliwa na magonjwa ya kurithi ya damu na ya figo. Mwaka 1987 na 1988 wazalishaji wa Kimarekani wakafunga safari hadi kaskazini mashariki ya Zaire, Kongo ya leo, upande wa pili wa Uganda ukitokea Bukoba, kutafuta damu mpya kwa mbwa wa vijijini. Chama chao cha mbwa kikakifungua kitabu cha ukoo mwaka 1990 ili mbwa hao wageni waandikwe. Mimi hukifundisha kisa hiki kila mwaka, kwa kuwa kinamtoa mtu kwenye imani kwamba mbwa "wa mbegu" ni bora na wa kienyeji ni takataka. Karatasi ya ukoo inakuambia nani alimzaa nani. Haikuambii kama walikuwa wazima.

Kwa mbwa wakubwa kama Jamani Shepadi, muulize muuzaji juu ya nyonga. Aina hiyo, iliyoanzishwa rasmi na Max von Stephanitz mwaka 1899, inajulikana kwa ugonjwa wa nyonga kutokaa vizuri kwenye kikombe chake. Kipimo chake ni picha ya eksirei ya wazazi, na Marekani hawatoi cheti cha mwisho kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Kwetu picha hizo ni nadra, basi tumia macho: omba kumwona mama, na baba pia ikiwezekana, wakitembea, wakikimbia, wakiinuka kutoka chini. Na jike asizalishwe kila anapopata joto. Mwili wake unahitaji kupumzika.

Kitambaa cha tatu, magonjwa, ndicho kilichoniingiza kwenye taaluma hii. Nilinunua mtoto wa mbwa barabarani, karibu na stendi, kwa mtu aliyesema kwa kinywa kipana kwamba amechanjwa. Siku ya tano alianza kutapika na kuhara damu. Siku ya saba nilimzika. Ilikuwa parvo, virusi vilivyosambaa duniani kuanzia mwaka 1978, ambavyo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Sikuwa nimeuliza alichanjwa na nani, lini, kwa chanjo gani. Chanjo ya parvo huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama huweza kuizuia ile ya mwanzo isishike. Dozi moja haitoshi. Kadi ya kweli ina tarehe, stika iliyotoka kwenye kichupa cha chanjo, na saini ya daktari wa mifugo anayetambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Minyoo nayo haisubiri: mingine hupita kwa mama hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo dawa huanza wiki ya 2. Inua mdomo wa mtoto utazame fizi. Zikiwa nyeupe, huenda damu inanyonywa.

Wakagera tulijifunza kwa maumivu mwaka 2023, homa ya Marburg ilipoingia, kwamba swali la kwanza kwa mgonjwa ni amekutana na nani. Kwa mbwa ni vivyo hivyo. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ulienea Serengeti na kuua karibu theluthi ya simba wake, na mbwa wa vijiji vya pembezoni ndio waliohusishwa na chanzo. Ukitembelea wazalishaji wawili siku moja, osha viatu na mikono katikati, usije ukawa wewe ndiye mbebaji.

Kuhusu kichaa cha mbwa sina maneno ya kupoza. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, na takriban 99 kati ya kila wagonjwa 100 wameambukizwa na mbwa. Ugonjwa hukatika pale ambapo asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa. Mzalishaji ambaye jike wake hana chanjo ya kichaa, mwache, hata kama ni shemeji yako.

Haya yote yanamhusu pia anayepewa mtoto wa kienyeji bure kwa jirani. Hakuna karatasi hapo, lakini kuna kitu bora: mama unaweza kumwona kila siku, na majirani wanajua kama amewahi kuuma mtu. Ukikutana na muuzaji anayekuzuia usimwone mama, akitaka mkutane njiani, rudi nyumbani.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Ukitaka umpokee Krismasi, ndugu wakiwa wamerudi nyumbani kutoka Mwanza na Dar es Salaam, mama yake atapandwa mwishoni mwa Agosti. Anza kuuliza Julai ni nani mwenye jike mzima mtaani kwako, na umtembelee.