Upigaji picha shirikishi

Upigaji picha shirikishi ni mbinu ya utafiti ambapo wahusika wenyewe hupewa kamera, hupiga picha za maisha yao, kisha huzijadili pamoja. Caroline Wang na Mary Ann Burris waliitumia na wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Katika elimu jumuishi kamera hushikwa na wanafunzi, wakiwemo wenye ulemavu. Mtoto anayepata shida kuongea au kuandika anaweza kuonyesha ngazi zinazomzuia, choo asichoweza kuingia, au kona anakokaa peke yake wakati wa mapumziko, mahali ambapo mwalimu hupita kila siku. Picha pekee haitoshi. Maelezo ya mpigaji ndiyo yanayoipa maana. Wanaoonekana pichani huombwa ruhusa kwanza, kwa kuwa picha hiyohiyo inaweza kumwaibisha mwanafunzi mwingine.