Peugeot ya Zamani na Fundi Anayejua Kupima

Peugeot 504 ikiingia gereji, mara nyingi inaingia na historia ya bili. Injini inamisi ikipanda mlima, breki zinavuta kushoto. Plagi zimebadilishwa, koili pia, kabureta imeoshwa mara mbili, na breki pedi za kushoto ni mpya kabisa. Ugonjwa uko palepale.

Chanzo cha hasara hiyo kiko kwenye malipo yenyewe. Katika gereji nyingi, mteja hulipia spea na kazi ya kuifunga. Uchunguzi huhesabiwa kama msaada. Fundi anayekaa saa tatu akipima, akagundua waya uliolegea, anaondoka na bei ya waya. Anayefunga vifaa vitano kwa kubahatisha anaondoka na zaidi. Soko linamlipa zaidi asiyejua kuliko anayejua, na kwa magari ya zamani jambo hili linaumiza kweli.

Magari ya kisasa yana njia ya mkato. Marekani ililazimisha soketi ya uchunguzi ya OBD-II kwenye magari mapya ya abiria kuanzia mwaka 1996, na leo fundi kijana huchomeka mashine na kusoma namba ya kosa. Kwenye 504, iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1968, hakuna pa kuchomeka. Inabaki masikio, pua na vipimo vichache.

Vipimo hivyo si ghali. Geji ya kompresheni inatosha kusema mengi: silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ikiwa moja tu iko chini, fundi humimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Presha ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo huwa kwenye valvu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi. Na gari linalomisi mlimani tu mara nyingi linakosa petroli pale linapoihitaji zaidi, kwa sababu kutu ya tangi la miaka hamsini imeziba filta. Kabureta haina kosa.

Breki zinahitaji subira kubwa zaidi, maana hapa kubahatisha kunaua. Gari likivuta kushoto, mgonjwa huenda akawa gurudumu la kulia ambalo halishiki: pistoni ya kalipa imekwama, au mpira wa breki umevimba kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Mpira wa namna hiyo unaweza pia kuruhusu presha kwenda na kuizuia kurudi, gurudumu likabaki limebanwa na kupata moto. Kuna pia mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji, kiwango cha chini cha kuchemka kinachokubalika ni 155. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo ndiyo pedali inayozama hadi sakafuni.

Idadi ya magari ya zamani kama haya haitaongezeka kwa urahisi. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka minane, Uganda imeweka kikomo cha miaka 15. Yaliyopo yanatunzwa kwa fahari: Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na 504 ikafuata mwaka 1975 na 1978. Maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance jijini Nairobi yamekuwepo tangu 1970.

Wenye magari hayo wako tayari kulipa. Gereji inayotaka kuwahudumia ingefaa kuandika ada ya uchunguzi kwenye mstari wa kwanza wa ankara, kabla ya spea yoyote, na kumkabidhi mwenye gari karatasi ya namba zilizopimwa silinda kwa silinda, gurudumu kwa gurudumu.