Si kila unachokiona kwenye chupi ni 'uchafu'

Ukitafuta Golbanti kwenye intaneti utakutana kwanza na wamishenari: Kasisi Mmethodisti John Houghton na mkewe Annie, waliouawa hapo mwaka 1886 Wamaasai walipovamia kijiji. Halafu utaletewa mafuriko, mto Tana umemeza mashamba, watu wamehamia kambini. Kuhusu msichana wa miaka 19 anayefua chupi yake gizani ili mamake asione kilichoko, hupati hata sentensi moja. Sasa leo tuongee kuhusu huyo. Mimi si daktari, na chuo nilikiacha katikati, lakini haya ni mambo ambayo mtu hafai kungoja digrii ndiyo ayajue.

Tuanze na neno lenyewe, maanake hapa Kiswahili chetu kinatuangusha. "Kutokwa na uchafu ukeni." Ndivyo tunavyosema nyumbani, redioni, hadi kliniki. Ukishaambiwa una uchafu utafanya nini? Utasugua. Ilhali kinachotoka kwa mwanamke mwenye afya ni ute tu, kama vile mdomo ulivyo na mate na jicho lina machozi. Hakuna anayekimbia hospitali kwa sababu ana mate.

Ute wa kawaida hauna rangi au ni mweupe, hauwashi, na harufu yake si ya kufukuza mtu chumbani. Hubadilika jinsi mwezi unavyosonga. Yai linapokaribia kutoka, katikati ya mzunguko, ute huwa mwingi, unateleza na kuvutika kama ule wa yai bichi. Baadaye unakuwa mzito. Ukikauka kwenye nguo huacha doa la njano hafifu. Mimba huuongeza, na hata kuwa na hamu tu huuongeza. Na ile chupi nyeusi iliyopauka katikati kana kwamba imemwagikiwa na jiki? Hiyo ni asidi. Uke una bakteria wazuri wanaoitwa laktobasili, na asidi wanayotengeneza ndiyo askari wa mlangoni.

Sasa ukiingiza sabuni, limau, dawa ya kuua viini au zile tembe za "kubana" zinazouzwa mitandaoni, umemfuta askari kazi. Najua Pwani tuna udi wetu, na mimi ni wa kwanza kuufurahia. Fukiza kanga, fukiza nywele, fukiza nyumba nzima. Ndani ya uke, hapana. Maji yanayopita nje yanatosha.

Kwa hivyo cha kuangalia ni mabadiliko: hii si kawaida yangu. Ute ukiwa mweupe mzito kama maziwa mgando, na kuwashwa hadi unashindwa kukaa kwenye matatu, mara nyingi ni fangasi. Joto la Garsen na nguo za nailoni zinazobana humpendeza sana fangasi, na hana uhusiano wowote na kutembea ovyo. Ukiwa mwepesi wa kijivu, na harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo, huenda bakteria wazuri wamezidiwa na wengine; hiyo hutibika kwa metronidazole. Wa njano au kijani, wenye povu, unaweza kuwa trikomonasi, na hiyo huambukizwa kwa ngono. Kisonono na klamidia ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu mwanamke anaweza kukaa nazo miezi bila dalili huku zikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Kwa hizi tatu, mpenzi wako naye lazima atibiwe. La sivyo utameza dawa, upone, urudi kwake, akuambukize upya.

Tatizo ni kwamba wengi wetu daktari wetu ni kijana wa duka la dawa. Unaingia, unangoja wateja wengine watoke, unanong'ona, anakupa vidonge vinne kwenye karatasi na nusu dozi ya antibiotiki. Lakini antibiotiki yenyewe inaweza kuwaua laktobasili na kumfungulia fangasi mlango. Wiki mbili baadaye uko pale pale, pesa zimekwisha, na sasa unaanza kujiuliza kama umerogwa.

Hapo ndipo Golbanti inapoachana na Nairobi. Kuna ugonjwa ambao msichana wa Kilimani huenda asiusikie maishani, lakini wa Tana anaoga nao. Kichocho.

Kichocho tunakijua kama ugonjwa wa wavulana kukojoa damu. Sehemu nyingine watu wamekizoea hadi wanaona ni hatua ya kukua, kama kuvunja sauti. Sehemu za Tana River, kuanzia skimu za unyunyizaji za Hola huko juu hadi huku delta, kimekuwepo miaka na mikaka. Kijidudu chake huishi kwanza ndani ya konokono wadogo wa maji yaliyotulia: madimbwi, mifereji ya mashamba, maji yanayobaki nyuma mto ukirudi. Kikitoka kwa konokono hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Na nani husimama majini muda mrefu kuliko msichana anayechota, anayefua nguo za watu wanane, anayepanda mpunga?

Minyoo hao wakikomaa hutaga mayai. Mengi hutoka na mkojo, lakini mengine hunasa kwenye uke, mlango wa kizazi, hata mirija. Matokeo yake ni ute usio wa kawaida, wenye damu pengine, kuwashwa, maumivu chini ya tumbo, kutokwa na damu baada ya tendo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja makadirio ya wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wenye kichocho cha sehemu za uzazi. Wakiachwa bila matibabu, wengine hupata shida ya kushika mimba, na vidonda hivyo vinahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa HIV.

Sasa fikiria anavyotibiwa. Zahanati nyingi ndogo hazina maabara ya kutosha, hivyo nesi hutibu kwa kuangalia dalili, na dalili hizi zinafanana kabisa na za magonjwa ya zinaa. Anapewa dawa za zinaa. Hazisaidii. Anarudi, anapewa tena. Kufikia mara ya tatu mume anauliza maswali, mama mkwe anaangalia pembeni, na dada wa watu hajawahi kumjua mwanamume mwingine. Ndoa inaweza kuvunjika kwa ajili ya konokono.

Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na si ghali. Zile zinazogawiwa shuleni huwalenga watoto, kwa hivyo aliyeacha shule darasa la sita anaweza kuwa hajawahi kuimeza. Ukiimeza mapema ni bora, kwani makovu yaliyokwisha kujijenga huenda yasiondoke.

Basi uende lini? Ute ukibadilika rangi, harufu au wingi na usirudi ulivyokuwa ndani ya siku chache, nenda. Ukiwa mjamzito usijitibu, nenda. Vidonda, kukojoa kwa maumivu, damu baada ya tendo au nje ya siku zako, nenda wiki hiyo hiyo. Damu ya aina hiyo huweza pia kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Homa pamoja na maumivu makali chini ya tumbo, hiyo ni leo, hata kama ni bodaboda ya kukopa hadi Ngao. Mtoto ambaye hajavunja ungo akitokwa na majimaji yenye damu au harufu mbaya, usimfinye wala usimtukane, mpeleke. Na aliyelazimishwa afike hospitali kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu dawa za kuzuia HIV hazingoji zaidi ya hapo. Simu ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195.

Ukifika, unaweza kuomba uhudumiwe na mwanamke, na unaweza kumtaka akueleze kabla hajakugusa. Usianze na "nina uchafu". Sema kilianza lini, rangi gani, kinawasha au hakiwashi, na dawa gani umeshameza, hata zile za kwenye karatasi. Halafu ongeza hili, maana huenda hataliuliza: "Nimekulia mtoni. Naomba nipimwe na kichocho."