Beiti za Mzee Zilizorudi

Sisi tuliokalia jamvi la chuo tukinakili kwa wino na kalamu ya mwanzi twajua nuskha ni kitu gani. Marehemu Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, na baadhi zimehifadhiwa London hata leo. Sikudhani elimu hiyo itanifaa mbele ya kompyuta.

Mwaka juzi tulimpiga picha za video mzee mmoja wa Lamu akisoma utenzi aliofundishwa na mamake. Umri umekwenda, akawa aruka beiti hizi, azikumbuke kesho yake. Basi akaketi na kijana wetu mhariri, wakavipanga vipande katika programu ya Premiere Pro, beiti kwa beiti, mpaka mzee akasema, "Sasa ndivyo." Mpango kama huo wahariri huuita sekwensi.

Kisha tukakata, zikabaki dakika 12. Mzee akafariki, Mola amrehemu, na bintiye akataka utenzi mzima.

"Upo, Ami," kijana akanambia. "Mashine hujiwekea nuskha yenyewe."

Haukuwapo! Programu ile huweka nuskha kwa idadi iliyoagizwa. Idadi ikitimia, huitupa ya kale kila ipatapo mpya. Yetu iliagizwa kila dakika 5, nuskha 20. Piga hesabu: kazi ya dakika 100 tu, ya asubuhi haioni adhuhuri. Picha tulikuwa nazo zote, lakini utaratibu wa mzee ulikuwa katika sekwensi ile ile tuliyoikatakata. (Na aliyehimiza kukata upesi ni mimi.)

Siku ya tatu kijana akakumbuka flashi. Siku ile mzee aliporidhika, alinakili humo faili ya mradi. Faili hiyo haibebi picha; ni maagizo tu: kipande hiki kianzie hapa, kiishie pale, kifuatwe na kile. Tukaifungua, ikauliza picha zi wapi, tukaionyesha diski, na beiti zikarudi mahali pake.

Siku hizi, kabla hajakata, kijana huitolea sekwensi nuskha, akaitia tarehe, na ile ya kwanza haigusi tena. Jioni faili hunakiliwa katika diski ilalayo nyumba nyingine. Mimi humuuliza kabla ya magharibi.

Binti alipousikiliza utenzi alitabasamu, akasema iko beiti moja babake hakuisahau, aliiacha makusudi.