MGENI ALIYEFUNGWA: WAHAMIAJI WA ETHIOPIA KATIKA NJIA YA TUNDUMA



Habari hii tumeisikia mara nyingi: Waethiopia wamekamatwa mkoani Songwe wakielekea Afrika Kusini. Tunasikia idadi yao na adhabu yao, kisha tunawasahau. Je, ni akina nani hawa, na kamati ya parokia ina wajibu gani kwao?

Kwa nini wanapita Tunduma?

Tunduma ndiyo mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Nyumba za Tunduma na za Nakonde karibu zinagusana. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019 kimerahisisha safari ya mwenye pasipoti. Asiye nayo hupitishwa njia za panya usiku.

Wengi ni vijana wa kusini mwa Ethiopia. Familia huuza mifugo au hukopa ili kumlipa wakala anayeahidi kazi. Safari hupitia Kenya, kisha Tanzania, mara nyingi ndani ya lori lililofunikwa. Juni 2012 zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Machi 2020 watu 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Desemba 2022 miili 27 ilikutwa imetupwa Ngwerere, karibu na Lusaka.

Nani anaadhibiwa?

Kuingia nchini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji. Anayetiwa hatiani hupewa faini au kifungo. Lakini kijana aliyemlipa wakala fedha zote za nyumbani kwao ataitoa wapi faini? Basi huenda gerezani. Mara nyingi hajui Kiswahili wala Kiingereza, na asipopata mkalimani, huenda asielewe hata alichokiri mahakamani.

Sheria inawaadhibu pia wasafirishaji, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inamlinda aliyechukuliwa kwa hila ili akatumikishwe. Tatizo ni kwamba aliyemo ndani ya lori ni rahisi kukamatwa, lakini aliyepokea fedha hayupo hapo. Na kama hakuna anayemuuliza kijana yule kwa lugha yake jinsi alivyoondoka kwao, hakuna atakayejua kama anastahili ulinzi huo.

Kifungo kikiisha?

Hapo ndipo taabu nyingine huanza. Hana nauli wala hati ya kusafiria, hivyo anaweza kuendelea kushikiliwa hata baada ya kumaliza adhabu. Januari 2021 Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 1,789 kutoka Ethiopia, wakati Rais Sahle-Work Zewde alipozuru Chato. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) nalo limewasaidia wengi kurudi kwao. Msamaha ule ulikuwa neema kubwa, lakini umaskini unaowatoa nyumbani bado upo, na mawakala nao wapo.

Kamati ya parokia ifanye nini?

1. Iombe kibali cha kutembelea gereza lililo karibu. Sabuni, ndala na nguo ni mwanzo mzuri. Mgeni hana ndugu wa kumletea.

2. Itafute mtu anayejua Kiamhari, na iwajulishe mahakama na ustawi wa jamii kwamba yupo. Wafadhili wetu, nauli ya mkalimani mmoja yaweza kubadili kesi nzima.

3. Ikisikia kuna mtoto kati ya waliokamatwa, itoe taarifa mapema kwa afisa ustawi wa jamii. Mtoto hapaswi kuchanganywa na watu wazima.

4. Izungumze na vijana wetu wa bodaboda. Fedha ya usiku mmoja ya kuvusha watu inaweza kuwafikisha gerezani. Vilevile tusimfiche mtu nyumbani, maana ni kosa. Tumpe maji na chakula, kisha tumweleze kiongozi wa mtaa.

Hatusemi mpaka uachwe wazi. Tunasema adhabu isimwangukie aliyetapeliwa peke yake. Bwana wetu alijihesabu pamoja na mgeni na mfungwa. Hapa kwetu Songwe, mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja.