Mawe ya Sakafu: Tuyajaribu Kabla ya Kulipa



Mwenzetu akipata kiinua mgongo hutaka naye aweke sakafu ya mawe nyumbani. Ni vizuri, lakini tusinunue kwa macho. Tumewaona waliotandika marumaru jikoni. Maji ya ndimu yakamwagika mara moja tu, pakabaki doa lisilo na mng'aro. Marumaru ni jamii ya mawe ya chokaa, na chokaa huliwa na asidi.

Basi tuombe kipande kilichovunjika, tukidondoshee ndimu. Kikitoa povu au kikipauka, jiwe hilo lisiingie jikoni. Tena tuweke tone la maji. Likinywewa upesi, mafuta nayo yatanywewa. Matale, yaani graniti, ni magumu, hayaogopi ndimu. Mawe ya Mazeras, karibu na Mombasa, ni ya mchanga. Yanakwaruza mguu kidogo, yanafaa barazani.

Jambo moja hatulinyamazii. Matale na mawe ya mchanga yana silika. Yakikatwa makavu, vumbi lake huingia mapafuni na kuleta ugonjwa usiopona. Fundi naye ni mfanyakazi mwenzetu. Akate kwa maji, avae barakoa ya vumbi, si kitambaa, na gharama yake tuitie katika hesabu tangu siku ya kupatana bei.