VUMBI LISIWE UJIRA WA MFANYA KAZI

Mtu akianguka kutoka juu ya jengo, watu hukusanyika. Mashine ikimkata mtu mkono, kazi husimama, damu huonekana, na hata bwana wa kazi aliye mgumu wa moyo hana budi kuandika ripoti. Lakini yuko muuaji mwingine kazini ambaye hapigi kelele wala hamwagi damu. Huingia kwa pumzi, hukaa kifuani miaka 10, miaka 20, hata 40, kisha humwua mtu nyumbani kwake akiwa amekwisha kustaafu, mbali na macho ya wale waliokula jasho lake. Muuaji huyo ni vumbi. Juu ya vumbi hilo tunataka kusema leo, na tunataka kusema hasa na ndugu zetu wa Musoma, Bunda na Butiama.

Kwa nini Mara? Kwa sababu ukitaka kuona mavumbi ya kazi ya kila namna huna haja ya kusafiri mbali na mkoa huo. Katika Bunda na sehemu za pwani ya ziwa ipo pamba na vinu vyake. Katika mji wa Musoma kimekuwapo kiwanda cha nguo, ambacho wenyeji hukiita MUTEX, na ipo bandari ambayo meli za ziwani zimetia nanga tangu zama za ukoloni. Katika Butiama iko migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, ambayo watu wamekuwa wakiichimba tangu kabla ya Uhuru. Pamba, jiwe na moto wa mitambo: katika kila moja kuna vumbi lake, na kila vumbi lina maradhi yake.

Tuanze na lile ambalo dunia imelijua kwa ubaya kuliko yote, yaani asbesto. Hili ni jiwe la ajabu. Ukilipasua hutoa nyuzi kama pamba, lakini nyuzi zake haziungui kwa moto wala hazilizwi na tindikali. Kwa ajili hiyo wenye viwanda walilipenda mno. Walilifunga kwenye mabomba ya mvuke na matanuri ya mitambo, katika vyumba vya injini za meli na za gari moshi, wakalitia katika breki za magari, wakalichanganya na saruji kufanya mabati ya kuezekea na mabomba ya maji. Mpaka leo ziko shule, zahanati na nyumba za watumishi katika nchi yetu ambazo mapaa yake ni ya asbesto, nayo yamezeeka na kuanza kupasuka.

Je, hatari yake haikujulikana? Ilijulikana! Katika mwaka 1924 alikufa Uingereza mwanamke aliyeitwa Nellie Kershaw, mfanya kazi wa kiwanda cha asbesto katika mji wa Rochdale, na daktari aliyeyachunguza mapafu yake alikuta yamejaa makovu na chembe za jiwe hilo. Mwaka 1930 serikali ya Uingereza ililetewa taarifa ya wakaguzi wake, Merewether na Price, iliyothibitisha kwamba wafanya kazi wa asbesto walikuwa wakiharibika mapafu, na mwaka 1931 sheria ikatungwa ya kupunguza vumbi katika viwanda vya huko. Basi tangu wakati huo hakuna mwenye kiwanda aliyeweza kusema kwa haki kwamba hakujua. Hata hivyo biashara iliendelea, na katika nchi zilizotawaliwa iliendelea kwa raha zaidi, kwa kuwa aliyevuta vumbi alikuwa Mwafrika.

Hatusemi haya kwa chuki, tunasema yaliyoandikwa. Mwaka 1960 Dakta Wagner na wenzake wa Afrika ya Kusini walitangaza habari za watu 33 waliopatwa na saratani ya utando wa mapafu, ambayo madaktari huiita mesotelioma, ugonjwa uliokuwa adimu mno. Karibu wote walikuwa wameishi au kufanya kazi katika nchi ya machimbo ya asbesto ya buluu. Wengine hawakupata kuchimba hata siku moja. Walikuwa watoto waliocheza karibu na machimbo. Miaka mitano baadaye, 1965, madaktari wa London wakaonyesha kwamba ugonjwa huo huo uliwapata hata wanawake ambao kazi yao ilikuwa kufua nguo za waume zao waliotoka kiwandani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuijua asbesto, lakini hakuna maneno yaliyoielezea vizuri zaidi.

Ikiwa hayo ni ya mbali, tuje karibu. Asiyewahi kugusa asbesto asidhani kwamba yeye yu salama.

Mtazame mfanya kazi wa kinu cha pamba. Msimu ukianza, malori hupanga foleni, mashine hunguruma usiku na mchana, mbegu zinakwenda upande huu na pamba nyuzi upande huu, na robota zinafungwa. Hewa ndani ya kinu huwa nyeupe. Mtu akitoka, nyusi zake na nywele zake zimekuwa kama za mzee. Watu humcheka, naye hucheka. Lakini kile kilicho juu ya nyusi kiko pia ndani ya kifua. Katika viwanda vya nguo ni hivyo hivyo, na zaidi katika chumba cha kuchana pamba kabla haijasokotwa. Ugonjwa wake una dalili moja ambayo kila mfanya kazi anaweza kuitambua bila daktari: mtu hupumzika Jumapili akiwa mzima, na Jumatatu akirudi kazini kifua humbana. Jumanne hupata nafuu, na mwisho wa juma amesahau. Miaka ikipita, kubanwa huko huendelea mpaka Jumanne, kisha Jumatano, na mwishowe hakuna siku ya nafuu. Katika mwaka 1978 watafiti wa hapa Tanzania walichapisha uchunguzi wao juu ya dalili kama hizo na nguvu ya mapafu ya wafanya kazi wa mkonge. Basi jambo hili si hadithi ya Ulaya. Limepimwa katika vifua vyetu.

Kisha mtazame mchimba dhahabu. Dhahabu ya Mara imo ndani ya miamba migumu, na mishipa yake ni ya jiwe jeupe la kwatzi. Kupata dhahabu ni lazima kulipasua jiwe hilo, kulitoboa, na kulisaga katika makarasha mpaka liwe unga. Unga huo mwembamba, ule usioonekana kwa macho, ndio unaokwenda chini kabisa ya mapafu na kuyafanya yawe magumu kama ngozi iliyokauka juani. Ugonjwa huo huitwa silikosi. Hauna dawa ya kuuondoa. Tena humfungulia mlango kifua kikuu, ambacho humpata mchimbaji mwenye silikosi kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania: vumbi la jiwe chini ya ardhi lilizidi kiasi kilichopendekezwa na wataalamu kwa zaidi ya mara 300. Ndugu msomaji, hatukukosea tarakimu. Mara 300!

Wala si wanaume wa shimoni peke yao. Katika machimbo yetu madogo wamo kina mama wanaoponda mawe kwa nyundo, mtoto mchanga akiwa mgongoni. Mama na mtoto huvuta hewa moja.

Sasa ziko sauti mbili ambazo hatuna budi kuzijibu.

Sauti ya kwanza ni ya bwana wa kazi. Yeye husema kwamba kinga ni ghali na biashara ni ngumu. Tunamwuliza: maji ni ghali? Kulowesha jiwe kabla ya kulitoboa na kulisaga huliua vumbi papo hapo, na katika mkoa wenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika si jambo la kushindwa. Feni za kuvuta vumbi, kuzifunika mashine, kufagia kwa maji na si kwa ufagio mkavu: hayo yamejulikana miaka mingi. Kama kazi haiwezi kufanywa pasipo kuua watu, basi gharama ya kazi hiyo imefichwa, na anayeilipa ni mjane.

Sauti ya pili ni ya mfanya kazi mwenyewe, nayo hutuuma zaidi. Yeye husema, "Sisi tumezoea." Au husema kwamba maziwa husafisha vumbi kifuani. La hasha! Maziwa huenda tumboni. Vumbi limo mapafuni. Na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii unga ule mwembamba ambao ndio wenye sumu. Tunajua kwamba wengi huogopa kusema kwa kuwa nje ya lango wapo wengine wanaoingojea nafasi yao. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa mtu mmoja mmoja. Ni kazi ya chama cha wafanya kazi kuingia katika chumba cha meneja na kuuliza: vumbi limepimwa lini, na limekutwa kiasi gani?

Haki ya kuuliza tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake, na wafanya kazi wapimwe afya kabla ya kuingia kazini na tena kwa vipindi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeuweka Mfuko wa Fidia, ambao ulianza kazi mwaka 2015. Wanaouchangia ni waajiri, wala mfanya kazi hakatwi hata senti. Sheria hiyo huyatambua maradhi yanayotokana na kazi, si ajali peke yake. Haya ni mambo mema, nasi twayasifu.

Lakini hapa ndipo penye fundo. Vumbi haliendi kwa kalenda ya sheria. Tuchukue mfano wa kijana aliyeingia kazini 1985, akatoka 1997 kiwanda kilipopunguza watu, akarudi kijijini kulima. Leo ana umri wa miaka 60, na kupanda kilima kidogo kumemshinda. Zahanati humpa dawa ya kikohozi. Nani amemwuliza, "Mzee, ulifanya kazi gani ujanani?" Na akiulizwa, iko wapi karatasi ya kuthibitisha? Kiwanda kimebadilisha wenyewe, ofisi imefungwa, madaftari yameliwa na mchwa. Mchimbaji mdogo ndiye taabani zaidi, kwani hakupata kuwa na barua ya ajira hata siku moja.

Wenzetu wa Afrika ya Kusini wametuonyesha kwamba deni la vumbi laweza kudaiwa. Watu wapatao 7,500 waliishtaki kampuni ya Cape ya Uingereza kwa ajili ya asbesto. Mwaka 2000 mahakama kuu ya rufani ya Uingereza iliamua kwamba kesi yao yaweza kusikilizwa London, na mwaka 2003 walilipwa. Baadaye wachimba dhahabu wenye silikosi nao walifungua kesi, na mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano yanayowahusu hata waliofanya kazi tangu mwaka 1965. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa. Na aliyebaki hai ilimpasa kuonyesha kwamba kweli alifanya kazi katika mgodi fulani, miaka fulani. Bila ya kumbukumbu, hakuna haki.

Kwa hiyo twashauri mambo haya, nayo si makubwa. Kwanza, kila mfanya kazi wa pamba, wa jiwe au wa mitambo atunze barua yake ya ajira, hati za mshahara na majibu ya hospitali kama atunzavyo hati ya shamba. Pili, vyama vya wafanya kazi na halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama ziandikishe wazee waliofanya kazi vinuni, kiwandani, bandarini na migodini, kabla wazee hao hawajaondoka pamoja na habari zao. Tatu, kila mganga amwulize mgonjwa wa kifua kazi aliyoifanya, wala asitosheke na kazi anayoifanya sasa. Nne, mapaa na mabomba ya asbesto yasivunjwe ovyo na vibarua wasio na kinga, wala vipande vyake visitumiwe kujazia mashimo ya barabara au kuezekea mabanda ya kuku. Paa zima lisilopasuka halidhuru sana. Hatari ni kulikata, kulitoboa na kulivunja likiwa kavu. Jirani zetu wa Kenya waliipiga marufuku asbesto mwaka 2006. Mwenye kuondoa paa la zamani na aite wenye ujuzi, alilowe maji, na kulizika panapostahili.

Mkoa wa Mara uliwapa Watanzania mtu aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuwafundisha kwamba kazi ni heshima ya mtu. Tukubali basi kwamba kazi inayomwondolea mtu pumzi yake haimpi heshima. Mshahara huhesabiwa kwa shilingi, na siku ya malipo kila mtu huhesabu zake mara mbili asije akapunjwa. Pumzi nayo ihesabiwe. Ile ikipungua, hakuna mhasibu wa kuirudisha.